Sauti Safi ya Fonie

Juzi, kwenye nyumba ya fonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, pale Ngungu, fundi alikuwa anajaribu mtindo mpya na mwenzake wa Karuba: kompyuta inabana sauti ipite nafasi nyembamba, bila makelele. Mama mmoja mkimbizi, mzigo tayari mgongoni, akamsikia mume wake aliyebaki Karuba: "Vita iliisha. Murudi." Sauti safi, kavu.

"Papa, rudisha ya zamani," akamwambia fundi.

"Mama, ile iko na makelele mingi."

"Rudisha tu."

Katikati ya makelele, mume akarudia maneno yaleyale, sauti ikitetemeka kama ya mtu aliyesimamiwa na bunduki. Mama akatua mzigo, akakaa chini.

Fundi anajisifu kwamba mashine haipotezi neno. Kweli, haikupoteza. Ilipoteza woga tu, na kwetu woga ndio habari yenyewe.