Kaka yangu alichoma vidonge vya mgongo kwenye mkutano wa uamsho Karatu, watu wakapiga makofi

Wakuu, habari za humu ndani.

Haya nitakayoandika yametokea nyumbani kwetu Ganako, Karatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na nimeyaona mwenyewe. Sitaongeza chumvi. Nisipokumbuka kitu nitasema sikumbuki.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa kuwaza. Mtu akinisalimia kwa sauti ya chini kidogo, naweza kukaa mchana mzima najiuliza nimemkosea nini. Wakati ule nilikuwa binti niliyetoka tu chuo kikuu Dar, nasubiri serikali inipangie kazi, nakaa kwa kaka yangu. Kichwa kimejaa, kazi sina. Mnaweza kufikiria wenyewe.

Kaka tumwite Elia. Alikuwa dereva wa Land Rover katika hoteli moja huko juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Wageni walikuwa wamepungua sana kwa sababu mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, lakini wale waliofika lazima washushwe kreta.

Mliopita ile barabara ya kushuka enzi zile mnaijua. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili ukungu, na chini ya ukungu hakuna kitu.

Mke wake, wifi yangu Rebeka, alilima ngano na maharage na alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani. Yalikuwa maisha ya foleni za sukari na sabuni, lakini nyumba ilikuwa na kicheko.

Kicheko ndicho kilichoanza kupungua.

Kaka alikuwa akija nyumbani siku zake za mapumziko, na mimi nikaanza kumwangalia. Alikuwa anaongea kama redio ambayo betri zinakwisha. Alitusimulia habari ya faru aliyekimbiza gari, tukacheka, kisha baada ya chakula akaisimulia tena, neno kwa neno, kama vile hatujawahi kuisikia. Mara nyingine alisinzia ameshika kijiko.

Lakini kulikuwa na upande wa pili. Akikaa sana nje bila kuingia chumbani kwake, mikono inaanza kutetemeka. Sauti ya sufuria inamkera. Anaingia chumbani, anatoka, na baada ya muda ametulia tena. Kupita kiasi.

Mnajua mtu wa kuwaza anafanya nini akiona hivyo? Anatunga nadharia. Nadharia yangu ya kwanza ilikuwa ana mwanamke mwingine huko juu. Ya pili, malaria sugu. Ya tatu ndiyo niliyoipenda: malale. Dereva anapita porini, mbung'o wapo, mgonjwa anasinzia hovyo. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nilijisikia daktari.

Nikamfuata akiwa anachonga mpini wa jembe.

"Kaka, ulishawahi kung'atwa na mbung'o?"

"Kila wiki. Kwa nini?"

"Nadhani una malale."

Akacheka mpaka akaweka panga chini. "Rebeka! Njoo usikie! Digrii amenipima bila sindano!"

Digrii ndilo jina alilonipa tangu nirudi chuoni. Alilitamka kwa fahari, lakini ukilisikia kila asubuhi linachosha.

Wifi hakucheka. Alisimama mlangoni na ungo wake akasema, "Mwambie dada yako. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Kaka akatoa mfukoni kikopo cheusi chenye kifuniko cha kijivu, vile vikopo vya filamu za kamera ambavyo wageni walikuwa wanaviacha kwenye gari. Ndani kulikuwa na vidonge vidogo vya njano.

Akanieleza. Kama miaka miwili nyuma gari lilikwama kwenye tope kule chini kreta, wakalisukuma, mgongo wake ukakaza akashindwa kusimama. Hospitali wakampa vidonge vya kulegeza misuli. Vilimsaidia kweli. Mgongo ukapona, lakini akaona pia analala vizuri, na ile barabara haimtishi tena. Dawa ya hospitali ilipokwisha akanunua kwenye duka la dawa Arusha. Mara nyingine wageni wenye vidonge vya aina hiyo walimwachia walivyobakiza.

"Mwanzoni kimoja kilitosha," akasema. "Sasa kimoja ni kama pipi. Hii dawa imenizoea."

Mimi na elimu yangu nikamsahihisha. "Wewe ndiye uliyeizoea, kaka. Dawa haiwezi kumzoea mtu."

Akakifunga kikopo. "Digrii, ng'ombe akikuzoea anafanyaje?"

"Anakufuata."

"Haya. Mimi siifuati hii. Nikiiacha chumbani, inakuja yenyewe mpaka shambani kunitafuta. Sasa nani amemzoea mwenzake?"

Siku ile nzima nilikuwa naligeuza lile neno kichwani. Nilianza kuona kwamba sarufi yangu ilikuwa sahihi na bado haikueleza kilichokuwa kinampata.

Nikamuuliza kwa nini asirudi hospitali akawaambia. Akashangaa kabisa.

"Niwaambie nini? Kwamba wamenipa dawa nikainywa? Hii siyo pombe, dada. Siyo bangi. Imetoka kwa daktari."

Wakuu, hapo ndipo palipokuwa pagumu. Pombe kila mtu anaijua. Mlevi ana jina lake, mke wake anahurumiwa, mchungaji ana mahubiri yake. Lakini mtu aliyeshikwa na dawa ya hospitali, wakati ule, kwetu, hakuwa na jina.

Kilichomsukuma ni barabara. Siku moja alikuwa anashuka kreta na wageni, akasinzia kidogo tu, tairi likapanda mawe ya ukingoni. Akalirudisha gari. Wageni wakapiga kelele za furaha, wakadhani amefanya makusudi kuwachangamsha. Mmoja akampa zawadi ya kofia.

Alirudi nyumbani na ile kofia akaitupa juu ya meza. "Wamenishukuru," akasema. "Nilitaka kuwaua, wamenishukuru." Kisha akamwambia wifi kwamba anaacha. Mara moja. Kiume.

Sasa sikilizeni lilipoingia kosa. Nalichambua mpaka leo.

Baada ya mavuno kulikuwa na mkutano wa uamsho kanisani. Kwetu mtu anayeacha kitu hakiachi kimyakimya. Anakileta mbele. Moto unawashwa uwanjani, watu wanatupa vikopo vya ugoro, viko, kibuyu cha pombe kinamwagwa, kwaya inaimba. Walevi wengi wa kijiji chetu waliachia pale na hawakurudi nyuma. Kwa hiyo kaka na wifi waliona ndiyo njia. Ipi nyingine waliijua?

Kaka akapita mbele na kikopo chake cha filamu. Mwinjilisti, mtu mwema sana anayeitwa Naftali, akamuuliza mbele ya watu wote:

"Umeleta nini, ndugu?"

"Dawa," kaka akasema.

Neno moja tu. Uwanja ukalipuka. Vigelegele, makofi, mama mmoja akalia. Kaka akatupa kikopo motoni, na mwinjilisti akampandisha mkono juu kama bingwa wa ngumi.

Nilidhani wanashangilia vidonge. Nikawaza, kumbe watu wetu wameendelea hivi.

Hawakushangilia vidonge. Mtu wa kwetu akisimama mbele ya kanisa akasema ameleta dawa, maana yake ni moja: dawa ya mganga. Na dereva wa ile barabara ambaye hajawahi kuanguka miaka yote hiyo? Wengi walishahisi ana kinga yake. Jioni ile wakahakikisha.

Katikati ya wiki tulikuwa tunapiga maharage uani, sisi na majirani. Kaka tangu juzi yake alikuwa halali, anatoka jasho kwenye baridi ya Karatu, anashtuka kuku akipita. Tukasema ndivyo kuacha kulivyo. Alinyanyua fimbo apige, fimbo ikaanguka, na yeye akafuata. Mwili wote ukakaza, ukaanza kurukaruka. Povu.

Wifi akamkimbilia. Majirani wakarudi nyuma. Mnajua kwa nini. Watu waliamini povu la kifafa linaambukiza, na mtu aliyeanguka hadharani hata kikombe chake kinatengwa. Dereva mwenye kifafa hana kazi. Nani atampa usukani?

Lakini haikuishia kwenye kifafa. Mama Safari, jirani yetu, akasema kwa sauti, "Imerudi. Dawa ya mganga haichomwi hivihivi. Inadai."

Wakamwita mwinjilisti badala ya kutafuta usafiri. Naftali akaja mbio, akapiga magoti, akaanza kuomba, na wenzake wakamzunguka kaka ambaye sasa alikuwa amelala kama gogo. Wakasema asiguswe mpaka maombi yaishe.

Mimi niliyekuwa naogopa hata kuomba chumvi kwa jirani nilijikuta nimeingia katikati yao.

"Mwinjilisti, ilikuwa dawa ya hospitali! Vidonge!"

Akafungua macho. "Dada yangu, kwa nini mtu atubu dawa ya hospitali?"

"Kwa sababu imemshika. Kama pombe."

"Hospitali wanatoa kitu kama pombe?"

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anauliza kweli, na mimi sikujua jibu vizuri. Wala sikuwa na kidonge hata kimoja cha kumwonyesha. Vyote vilikuwa majivu.

"Msomi huyo," mtu akasema nyuma yangu, "anamtetea kaka yake asionekane wa waganga."

Ndipo wifi alipoinua kichwa cha mume wake akakiweka mapajani. "Ni vidonge," akasema. "Ni mimi niliyekuwa namwekea mfukoni kila akienda kazini. Akikosa alikuwa hawezi kufunga hata kiatu. Mnataka nini zaidi?"

Naftali aliinuka, akajipangusa magoti. "Leteni trekta," akasema. "Tutaombea njiani."

Tukampakia kwenye trela. Mwinjilisti naye akapanda, akamshika miguu. Kaka alianguka tena kabla hatujafika, na safari hii Naftali hakusema habari ya mganga. Alipiga kelele dereva aongeze mwendo.

Hospitali wakamchoma sindano, mwili ukatulia. Daktari akauliza kitu cha kwanza ambacho sisi tungekisema cha mwisho: "Alikuwa anatumia dawa gani, na ameiacha lini?"

Tulipomweleza habari ya moto, alishika paji la uso. Akasema hiki siyo kifafa cha kuzaliwa nacho wala pepo. Ubongo wa mtu aliyetumia vidonge hivyo kwa muda mrefu hujipanga kuendana navyo. Ukiviondoa ghafla, unalipuka. Vinaweza kumuua mtu upesi zaidi kwa kuachwa ghafla kuliko hata kwa kunywewa.

Kisha akatoa vidonge, vya njano vilevile.

Wifi akaruka. "Daktari, hivyo ndivyo tulivyochoma!"

"Ndiyo, mama. Na mtamrudishia."

"Aanze tena?"

"Aanze kushuka. Polepole. Umewahi kuona gari linashushwa kreta kwa kuachia breki?"

Kaka, aliyekuwa amelala akidhaniwa hasikii, akatoa sauti kama kicheko.

Kushuka kwenyewe kulichukua miezi. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Alilazwa kwanza, kisha akawa anarudi kliniki. Daktari alipanga kiasi, wifi akawa ndiye mtunzaji, anakata vidonge kwa wembe juu ya sahani. Kaka aligombana naye juu ya robo ya kidonge kama watu wanaogombea shamba. Siku nyingine alimbembeleza, siku nyingine alimtukana, kisha anakaa nje na kulia. Kila alipokwama, daktari hakumfokea. Alimwambia abaki pale alipo kidogo, kisha waendelee. Mimi nilishangaa, maana nilidhani matibabu ya kitu kama hiki ni kukemewa.

Hoteli walimweka karakana, mbali na usukani. Iliniuma kumwona anaosha gari ambalo mwingine analiendesha. Alirudi barabarani baadaye sana, baada ya daktari kuridhika, na siku ya kwanza alishuka kreta bila abiria, mwenyewe, kwa gia ya kwanza. Jioni alirudi nyumbani akaketi nasi mezani.

"Nimeogopa," akasema, kama mtu anayetangaza amepata mtoto.

Lakini nilitaka kumalizia na Naftali. Mkutano wa uamsho uliofuata, kabla moto haujawashwa, alisimama akasema: ugoro leteni, pombe leteni, vya waganga leteni. Ila vidonge vya hospitali asitupe mtu. Mwenye vidonge vilivyomshika amwone ndugu Elia baada ya ibada, atampeleka kwa daktari.

Watu wakacheka kidogo. Mimi nikawaza, nani atakwenda, hili lilikuwa la kaka peke yake.

Baada ya ibada nilimkuta kaka nyuma ya kanisa na watu watatu, wamesimama mbalimbali kama hawajuani. Mmoja alikuwa Mama Safari. Alifungua fundo la khanga yake, akamwonyesha vidonge vyeupe.

"Vya usingizi," akasema. "Tangu mume wangu afe. Sikujua kama hili nalo ni ugonjwa."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Dawa hata ikitoka kwa daktari inaweza kukushika, na aliyeshikwa siyo mwovu wala mdhaifu, ni mgonjwa. Anahitaji tiba na usimamizi, siyo makofi wala masimango. Na tafadhali, kama unatumia vidonge vya aina hii kwa muda mrefu, usiviache ghafla kwa sababu umesoma uzi wangu. Nenda hospitali kwanza, useme ukweli wote.

Sasa nawaachia uwanja. Waliopitia, wenye mzazi au ndugu wa namna hii, na wahudumu wa afya mliomo humu, semeni. Mlianzaje kumwambia? Mimi bado nawaza kama ningemuuliza mapema, badala ya kuja na yale ya mbung'o, angenijibu au angenicheka tu.