Siku Nilizaa Mawese Pale Bangboka

Kama ulisikia habari ya mama mwenye alizaa mafuta kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, usitafute mbali, mama ule ni mimi, na kabla hujacheka (najua utacheka, hata mukwe wangu alicheka, alijifanya anakohoa) acha nikuelezee mwenyewe vile ilipita, kwa sababu kule sokoni wanaelezea vibaya, wanaongeza mapacha.

Mutoto wangu Espérance aliolewa Kinshasa, na mwaka huu akazaa mutoto wake wa kwanza, walimupasua. Baba yake alishakufa, donc nani atakwenda kumuosha mutoto? Ni mimi tu. Na kwa simu, na ile sauti ya mugonjwa, hakuniomba nguo, hakuniomba franka, aliniomba mawese ya kwetu, ile nyekundu ya kweli, kwa sababu ile ya kule wanachanganya na kitu gani sijui, na samaki ya kukausha ya Isangi. Kitu kidogo vile mutoto anaomba mama yake, utakatala?

Sasa sikia hasira ilianzia wapi. Ilianzia kwa tiketi. Kutoka kwetu mpaka Kinshasa barabara hakuna, mto uko lakini boti inachukua wiki na wiki, na mutoto mwenye kushonwa tumbo hangoji boti, na wale wa ndege wanajua hatuna njia ingine, ndiyo maana wanatukamua mpaka tone ya mwisho. Niliuza mashini yangu ya kushona. Mashini yenye ilisomesha watoto wangu! Halafu asubuhi ya safari, dereva wa taksi akaniomba bei yangu, kisha bei ya valizi, sanduku yangu, kisha akaongeza kwa sababu barabara ya Bangboka iko mubaya, sawa vile mashimo ni mimi niliyachimba. Pale mulangoni kodi ya serikali, mbele kidogo kodi ingine yenye hakuna mutu aliweza kunielezea ni ya nini, na chupa ya maji, maji tu, kwa bei ya bia. Nikafika pale wanapima kilo, na valizi ya samaki na bidon, dumu ya mawese, nikiwa tayari natokota kama sufuria ya maharagi.

"Mama, kilo imepita," binti wa kampuni akaniambia, hata hakuniangalia, alikuwa anaangalia kucha zake. "Utalipa excédent, ile yenye imezidi."

"Ngapi?"

Akasema. (Sitarudilia bei ile hapa, itanipandisha tansio ya damu.)

"Binti yangu, mafuta yenyewe, na bidon yake, na muti wenye iliizaa, sikununua na bei hiyo!"

"Ni tarif, mama. Lipa ao toa."

Nikatoa. Samaki ikaenda na valizi, mimi nikabakia na bidon mu mukono, na binti akaongeza, bila huruma, kwamba ndani hawapitishi bidon, nirudishe nyumbani.

Hapo ndipo ningerudisha. Ndugu yangu mudogo Béatrice alikuwa amenisindikiza, angeibeba, habari ingeisha. Lakini nilikuwa nimevaa boubou kubwa, pana kama hema. Nikaangalia boubou. Nikaangalia bidon. Béa ananijua tangu kuzaliwa, akaniangalia macho.

"Yaya, dada yangu, hapana."

"Nani atamukamata mama mwenye mimba?"

"Yaya, uko na wajukuu!"

"Mimi nilizaa mapema, bado sijazeeka."

Tukaenda nyuma, kwenye vyoo (kuingia choo pia wanalipisha, andika hiyo), tukanunua sashe za plastiki kwa mama mwenye kuuza karanga, tukamwaga mafuta ndani, sashe mbili-mbili moja ndani ya ingine, tukafunga ngumu, halafu Béa akanizungusha liputa, kitenge chake, kwenye tumbo, anaomba Bikira Maria kwa sauti ndogo. Nikatoka na mimba ya miezi saba. Na mafuta ilikuwa ya moto kwa sababu ya jua, inatikisika vile mutoto anacheza, wallahi hata mimi nilianza kuweka mukono chini yake kwa upole.

Na watu walikuwa wazuri! Ndiyo inaniumiza mpaka leo. Kwenye mustari wa kupekuliwa papa mumoja akasema, "Mupitishe mama, iko na mimba," kijana mwanajeshi akanipa kiti, mama mumoja wa Maniema akanipepea na kitambaa chake na kuniambia Mungu atanifungua salama. Nikasema amina. (Amina! Juu ya mawese!) Walibakia watu wane mbele yangu. Nikaanza kujisifu mu roho, nikaona namna ile bei yao niliishinda.

"Mama Espérance?"

Nikageuka. Papa Déo. Kaka mukubwa wa bwana yangu marehemu, mutu wa kanisa, suruali nyeupe, amekuja kupanda ndege ile ile. Akaangalia uso wangu, akashuka mpaka tumbo, akabakia pale.

"Hii ni nini?"

"Bonjour, Papa Déo."

"Nimekuuliza, hii ni nini? Ndugu yangu iko mu kaburi miaka mitatu. Mimba hii ni ya nani?"

Yule mama wa Maniema akaacha kunipepea. Na polisi alikuwa hapo karibu, anasikia yote, ningefungua kinywa niseme kweli, mafuta inakwenda na mimi ninakwenda nayo. Nikanyamaza. Nikaangalia chini. Na Papa Déo akaona kunyamaza kwangu ni jibu, akapandisha sauti, akawageukia watu kama mutu wa kuhubiri:

"Muone! Muone vile wanawake wanatufanyia! Hata matanga haijapoa! Umechafua jina ya familia!"

Bon. Hiyo neno, familia. Ile hasira yote ya asubuhi, ya tiketi, ya taksi, ya maji, ya kucha za yule binti, ikapanda pamoja na ingine ya zamani yenye sikuwahi kuitoa.

"Familia gani?" Nikasimama. "Wakati ndugu yako alikuwa anakosa dawa, sikuja kwa mulango yako? Haukuniambia dawa iko bei kali, nirudi nyumbani niombe Mungu? Alikufa, Papa Déo! Alikufa kwa sababu ya bei! Na leo unataka kujua mu tumbo yangu munaingia nini? Tumbo hii ni yangu!"

Na nikaipiga. Na mukono wazi, kwa nguvu yote. Pah!

Kwanza nilisikia moto kwenye mapaja. Kisha kwenye magoti. Kisha nikaangalia chini, na chini ilikuwa nyekundu, na inaongezeka.

"Damu!" yule mama wa Maniema akalia. "Mama anapoteza mutoto!"

Wakanilalisha kwa nguvu, mimi nasema hapana, hapana, wao wanasema tulia mama, mutu anaita dokta, kijana mwanajeshi anakimbia, anateleza, anaanguka chini na bunduki yake, watu wengine wanafikiri anapiga risasi, wanalala. Na Papa Déo, Papa Déo alipauka kama unga wa muhogo. Akapiga magoti katikati ya ile nyekundu na suruali yake nyeupe, akafunga macho, akainua mikono, akaanza kuomba na machozi.

Polisi akainama. Akagusa na kidole. Akanusa.

"Mais... ni mawese hii."

Kimya. Hata ventilateur, feni ya pale juu, nafikiri, ilisimama. Na katika kimya kile watu wote tulimusikia Papa Déo, mwenye hakusikia kitu, macho bado yamefungwa, anasema: "Bwana, pokea malaika huyu mudogo mu mikono yako."

Sitakuelezea kicheko. Kuna kicheko yenye inaisha na kuna yenye haiishi, ile bado inanifuata barabarani.

Na nililipa. Nililipa kusafisha, nililipa amende, faini ya kudanganya, nililipa "excédent" ya mafuta yenye ilikuwa chini kwenye sakafu, bila karatasi, jumla ikapita mbali sana ile yenye nilikatala asubuhi. Walinipandisha ndege boubou imenishika miguu, jirani yangu akaomba abadilishe kiti. Kinshasa, Espérance akanikumbatia kwa upande, kwa sababu ya kidonda, akabakia na pua yake kwenye bega yangu muda murefu. "Mama," akasema, "unanukia kwetu." Ndiyo mawese yote yenye alipata.

Unafikiri iliishia pale? Nilipokuwa nimerudi, Papa Déo akatuma mutu anidai bei ya suruali. Nikamuambia yule mutumwa: yeye mwenyewe akuje. Hajakuja.

Sitafunga tena kitu chini ya nguo, naapa kwa mujukuu wangu. Lakini si kicheko ya watu yenye inaniamsha. Ni ile dakika nilinyamaza. Niliulizwa mbele ya watu kama nilimusaliti bwana yangu, jina yake upande huu, bidon ya mafuta upande ule, na mimi nikachagua bidon. Mimi! Bei ya vitu ilinifikisha pale, na hiyo sitawasamehe wale wa kupandisha bei, wala mimi mwenyewe sijajisamehe.

Nilikwenda parokia nimuombee bwana yangu misa, nimuombe pole. Yule karani wa ofisi akafungua kitabu, akaniambia sasa bei ya misa imepanda, na akanitajia.

Nikamushukuru. Nikatembea na mguu mpaka kaburini, nikasimama kwenye majani, nikamuombea mwenyewe, kwa sauti, bure.