Mwewe wa Huruma

Nimelikana jambo hili tangu nilipokuwa msichana wa chuo kikuu, na leo nalisema: nilimwonea Wanjiru wivu, na chanzo kilikuwa mwewe.

Hadi sasa naliona paa la ghorofa ya kina Wanjiru kule mtaani Huruma, sisi wawili tumesimama kati ya kamba za nguo. Tulisoma darasa moja, sote tukiandika mashairi ya ndege na mandhari. Yangu yalijaa flamingo wakipamba ziwa. Flamingo wenyewe, mwanangu, nilikuwa nimewaona kwenye kalenda ya duka la nyama. Siku hiyo Wanjiru alinisomea lake:

*Mwewe wa Huruma kajenga juu ya mlingoti wa taa,*
*kwa waya, kwa nywele za saluni, na soksi ya mtoto wa jirani.*
*Chini, mto umebeba taka zetu zote;*
*kivuli chake kinaupita bila kulowa.*

Nilijihisi kama mtu aliyeibiwa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Mto ule niliuvuka kila siku nimeziba pua. Mwewe yule alishawahi kuninyang'anya chapati. Mbona hakunipa shairi?

Jumamosi iliyofuata Wanjiru alipangiwa kulisoma katika ukumbi wa mtaa wa Ziwani. Mama yake, aliyeamini kwamba mashairi ni kazi ya wasio na kazi, alikuwa ameahidi kuja.

"Mama akilipenda hili, ataniacha niandike," aliniambia. "Profesa, niangalizie."

Profesa ni mimi. Nilikuwa na alama nzuri kumshinda, na kikulacho ki nguoni mwako. Nikaketi nikaliangalia. Mlingoti nikaufanya mlima, taka nikazifanya mawimbi ya fedha.

"Na soksi?" aliuliza nilipomrudishia.

"Mashairi hayavai soksi, Wanjiru."

Akacheka, akaniamini.

Ukumbini alisoma vizuri. Watu wakamsikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza matangazo ya kanisani. Kisha kijana mmoja akauliza kutoka nyuma, "Madam, huyo mwewe ni wa mtaa gani?" Mwenzake akamjibu, "Huyo ni wa ng'ambo, msee! Hali chapati!" Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mama yake Wanjiru akachukua mkoba wake, akatoka. Mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Wanjiru hakuandika tena. Kila nilipoulizwa, nilisema, "Si nilikuwa namsaidia tu?"

Mwanangu unayeandika, wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi naongeza: wala usiizime. Wivu utakujia; ukija, uulize mwenzako ameona nini ambacho wewe umepita ukiziba pua, kisha nenda ukatazame chako. Usikubali kurekebisha kazi ya mtu huku moyo unakuuma. Mungu akupe macho yako mwenyewe, aubariki mkono wako, na kila ndege atuaye mlangoni pako akukute uko nyumbani.

Mashauri haya nimechelewa kuyafuata. Jumapili iliyopita mwewe alishuka uani kwangu, akabeba kitambaa changu cha vyombo. Nikabaki nimeshika sufuria, shairi la Wanjiru likinitoka mdomoni neno kwa neno, kwa maana wivu hausahau kitu. Nikampigia simu.

"Sasa, Profesa! Kuna matanga?"

Nikamsomea mistari yote, kama alivyoiandika yeye.

"Wanjiru, nililiharibu kwa makusudi."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ukumbini. Wewe ulipiga makofi mno."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja uchoke kuibeba siri hiyo. Wee, una kalamu hapo?"

"Ninayo."

"Andika. Kuna neno umelisahau. Soksi ilikuwa nyekundu."