Ulizaliwa Wapi?

Jirani yangu hapa Lewisville, ughaibuni, ni mkalimani wa jela ya kaunti, kwa simu, akiwa jikoni kwake. Huiweka kwenye spika hata mimi nikiwepo, jambo lisiloruhusiwa. Kabla ya kupokea hufuta mikono kwa kitenge, kana kwamba walio upande wa pili wa simu wataiona. Akimtafsiria mahabusu maswali ya jina, magonjwa, dawa, sauti yake hukimbia. Ikifika “Ulizaliwa wapi?” hupunguza mwendo, maana jibu hilo hupelekwa kwa watu wa uhamiaji. Juzi mwanamume aliyekamatwa alisikia Kiswahili cha kwao, akachangamka: “Uvira, mama! Na wewe uko wa wapi?” Mkalimani haruhusiwi kujibu la kwake. Yote alimtafsiria askari wa jela, hata swali hilo. Simu ilipokatika, aliinamia sufuria, akajibu taratibu: “Niko wa Uvira, papa.”