Redio Iliyovishwa Sweta

Nilisomea takwimu chuo kikuu, na kazi yangu katika ofisi moja ya Westlands ni kuwaonya watu wasijenge hoja kubwa juu ya mfano mmoja. Onyo hilo hulitoa kwa upole, nikiwa nimevaa shati lililonyooshwa kwa pasi ya kampuni yoyote ile isipokuwa moja. Asubuhi ya usaili wangu wa kwanza, pasi ya kampuni hiyo iliniachia mgongoni mwa shati pembetatu ya rangi ya kahawia, nami nikaketi mbele ya wahojaji nikiwa nimefunga koti hadi kifungo cha juu, jasho likinitiririka. Kazi sikuipata. Huenda majibu yangu ndiyo yaliyoniponza, lakini aliyehukumiwa ni pasi. Tangu siku hiyo sijanunua hata betri yenye nembo ile.

Upande wa pili wa imani yangu lipo birika la umeme. Nililinunua nilipohamia Mountain View. Limeanguka sakafuni mara mbili, limesahauliwa likichemka nami nikiwa bafuni, na hata leo linafanya kazi. Kwa ajili ya birika hilo niliiamini kampuni iliyolitengeneza katika kila jambo. Laiti ingeunda ndege, ningepanda bila kuuliza iendako.

Hivyo ndivyo mama yangu alivyopata redio.

Mama anaishi Waithaka, katika nyumba ile ile aliyotulelea. Mimi ni mwanawe wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu Wakikuyu nilipewa jina la babake. Kwa sababu hiyo huniita "baba", hata anaponigombeza. Redio yake ya zamani ilinunuliwa na marehemu baba. Ilikaa dirishani, kwani hapo tu ndipo ilipokamata stesheni vizuri, na kila siku mama alisikiliza matangazo ya vifo ili ajue nyumba ya kwenda kufariji. Kwake yeye, mtu asiyesikia matangazo hayo ni sawa na mtu aliyewahama majirani. Redio ile ilikuwa ya Kijapani, na mama alikuwa na hakika kwamba Wajapani wote ni watu waaminifu, ingawa hajawahi kukutana na hata mmoja.

Ilipokauka sauti kabisa, nilimpelekea mpya, ya kampuni ya birika.

"Baba, hii ni ya nani?" aliuliza, akiigeuzageuza.

"Ni ya kampuni nzuri sana, mama. Birika langu..."

"Birika lako husoma habari?"

Hata hivyo aliipokea. Aliiweka juu ya kabati la sebuleni, mahali pa heshima, akaifunika kitambaa cha waridi alichokifuma kwa mkono wake. Nyumbani kwetu hakuna kitu cha thamani kilichowahi kukaa uchi: viti vina vitambaa, meza ina kitambaa, televisheni ina kitambaa chenye pindo la maua. Nilikitazama kile cha redio kama mtu anavyotazama ukuta, yaani sikukiona.

Baada ya miezi michache redio ikafa. Duka la katikati ya jiji likatubadilishia bila maneno, kwa kuwa waranti ilikuwa haijaisha. Ya pili nayo ikafa vivyo hivyo, na mama akanipigia simu.

"Baba, hiyo kampuni yako ni ya wakora."

"Ni bahati mbaya tu, mama."

"Bahati mbaya mara mbili? Babako alinunua moja tu, ikakaa mpaka yeye akatangulia. Mwenzangu wa kanisa amezika mamake jana, na mimi nimesikia leo. Sokoni! Nikinunua viazi! Sasa atasema nimemtupa."

Niliona haya. Mama alikuwa ameliamini neno langu, na neno langu lilikuwa limemkosesha mazishi. Alinieleza kwamba redio ijayo ataichagua mwenyewe, na kwamba hata friji yake ikiharibika nisijisumbue kutoa maoni. Nimewahi kupingwa na mabosi na wateja, lakini sikuwa nimewahi kufutwa kazi na mama yangu.

Niliibeba ile redio hadi kwa fundi mmoja wa Luthuli Avenue. Nia yangu haikuwa kuitengeneza, nilitaka ushahidi. Kampuni nilikuwa nimekwisha kuihukumu, na hata birika kule nyumbani nilikuwa nimeanza kulitazama kwa shaka.

Fundi aliifungua, akainama, akanitazama juu ya miwani.

"Bosi, hii redio mnaishi nayo wapi? Limuru kwenye baridi?"

"Waithaka. Kwani nini?"

"Nauliza kwa sababu ilikuwa imevaa sweta."

Kwa koleo ndogo alichomoa nyuzi za waridi zilizoyeyukia kwenye matundu ya juu. "Haya matundu ndio pua yake. Mnaziba pua, halafu mnakuja hapa kusema kampuni ni mbaya."

Nilimwuliza, kwa unyenyekevu wa ghafla, kampuni iliyo bora ni ipi.

"Mimi naona wagonjwa tu, bosi. Ile inaletwa sana hapa, nasema hiyo ni takataka. Kumbe pengine ndio inanunuliwa sana."

Sentensi hiyo nimekuwa nikiwaeleza watu wa ofisini kwa slaidi nyingi.

"Nyumbani unatumia pasi gani?" nilimwuliza.

"Ya makaa," akajibu, na kuendelea na kazi.

Nikiwa nimesimama pale niliikumbuka redio ya dirishani. Haikuwahi kufunikwa, kwa kuwa mama hakutaka jua lipaushe kitambaa. Kumbe uaminifu wa Wajapani na ukora wa kampuni yangu vilikuwa vimefumwa na mkono mmoja. Kisha, shingo upande, nikaikumbuka na ile asubuhi ya usaili: nilikuwa nimeiacha pasi juu ya shati nikaenda kutafuta soksi.

Jumapili, baada ya kanisa, nilimrudishia mama redio ikiwa nzima. Alinimiminia chai.

"Mama, iliuawa na joto."

"Joto gani? Waithaka hii?"

Macho yangu yalienda kwenye kabati, na ya mama yakayafuata.

"Usiseme," akanionya.

"Sijasema."

"Hicho kitambaa nilikifuma nikiwa na mimba yako. Kimefunika redio mbili na dikoda tatu za televisheni."

"Na ziko wapi?"

Alianza kuhesabu kwa vidole, akakoma, halafu akaangua kicheko hadi akalazimika kuweka kikombe chini. "Na ilikuwa inapata moto kama sufuria! Mimi nikajua inafanya kazi kwa bidii."

Nami nikamsimulia habari ya soksi, ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Wewe na digrii yako," akasema, akijifuta machozi. "Pasi ya watu imebeba dhambi yako miaka yote hii."

Tuliirudisha redio kabatini, kitambaa kikiwa chini yake. Pasi ya kampuni ile bado sijainunua. Naipita dukani nikitazama pembeni, kama mtu ninayemdai msamaha, ilhali mwenye deni ni mimi.

Wiki iliyopita mama alinipigia simu asubuhi. Alikuwa amesikia tangazo la msiba na tayari alikuwa akifunga kilemba aende. Kabla ya kukata, alinijulisha kwamba amewaambia wenzake wa kanisa kuwa kampuni yangu ni nzuri sana, mwanawe aliichunguza, na wanne wamekwisha kununua redio kama yake. Furaha ikanijaa kifuani.

"Nimefumia kila mmoja kitambaa," akaongeza.

"Mama!"

"Nimewaambia ni cha kuweka chini, baba. Wamekubali." Nikasikia mlango wake ukifunguka. "Ila mmoja anasema huko chini hakionekani."