Sauti ya Mama Kwenye Kaseti Imempeleka Kaka Yangu Mahabusu

Admin, naomba unifichie jina. Hata la kaka yangu nimelibadili. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Chang'ombe hapa Dodoma. Mnivumilie kama sitapanga vizuri.

Tulikulia Kongwa. Baba alikuwa mtumishi wa shirika la umma, akapunguzwa kazi ile miaka biashara zilipofunguliwa. Mama akaanza kuuza mitumba mnadani, mambo yakamnyookea, akanunua redio kaseti. Alikuwa mwanakwaya, akawa anajirekodi nyumbani akifanya mazoezi. Baba aliichukia ile redio. Alikuwa anasema, "Siku hizi humu ndani mwanaume ni mama yenu."

Nikiwa darasa la kwanza, nikiishi kwa bibi huko Msalato, tukaletewa habari kuwa mama ameteleza kisimani, amepasuka kichwa. Alipozinduka hakukumbuka kitu, na sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo. Kaka yangu Yona, ambaye alikuwepo nyumbani, alisema baba ndiye aliyempiga. Baba akamchapa kwa kumsingizia mzazi. Akirudia anachapwa tena, mpaka akanyamaza.

Leo baba ni mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimika. Majuzi mama aliniletea kwenye mfuko kaseti zake, ambazo hazikuchezwa tangu aumie, akaomba nizihamishie kwenye simu asikie nyimbo zake. Niliazima redio ya zamani, mume wangu akaiunganisha na kompyuta kwa waya, tukawa tunazicheza moja moja huku kompyuta inarekodi.

Jumapili wazazi na Yona walikuja kula kwangu. Baada ya chakula baba alitoka kupumzika barazani. Mimi, mama na Yona tukabaki sebuleni, nikaweka kaseti nyingine. Mama akaanza kuimba humo, sauti nyororo kabisa. Ghafla, humo humo kwenye kaseti, mlango ukabamizwa.

"Zima!" Ni sauti ya baba.

"Baba Yona, namalizia ubeti tu."

Ndugu zangu, kilichofuata si kofi. Ni kitu kizito, na mama anapiga yowe. Kikapiga tena, na tena. Mama akanyamaza, lakini kipigo hakikukoma. Halafu sauti ya mtoto, "Baba, basi! Mama hasemi!" Baba anahema kama mtu aliyetoka kulima. "Mama yako ameteleza kisimani. Umesikia wewe? Ameteleza."

Nilishindwa hata kuizima. Yona aliinuka, akapita jikoni, akachukua mchi wa kutwangia, akatoka barazani. Nikamsikia akiuliza, "Baba, nani aliteleza?"

"Bado una uongo wako ule?"

Yona akampiga. Mkono wa baba ulivunjika nikisikia kwa masikio yangu. Baba akaanguka, Yona akampiga mdomoni, shati jeupe la kanisani likaloa damu. Nilikimbilia nje nikamrukia Yona, akanipiga kiwiko, jino langu likatoka. Akainua mchi juu ya kichwa cha baba, mume wangu akaja mbio akamdaka kwa nyuma, wakabingirika mpaka uani. Mama alisimama mlangoni. Hakupiga kelele wala hakumsogelea baba.

Sasa Yona yuko mahabusu na amekataa kueleza sababu. Baba, akiwa wodini na habari za kaseti zimeshamfikia, amenitumia ujumbe kwa shangazi: niilete kaseti, na kila kitu tulichorekodi kifutwe mbele ya wazee wa ukoo, ndipo atafuta kesi. Shangazi ananipigia kila mara, "Futa umtoe ndugu yako. Unataka aozee ndani?" Nilipomwona Yona aliniambia, "Ukifuta, usije tena kunitazama."

Najua wengi mtasema nibakize nakala kwa siri. Nilimshauri mama hivyo. Alikuwa ameshika kaseti ile mapajani, akaniuliza, "Kwa siri tena, mwanangu? Yule mtu ameniuguza kwa mikono yake, ananiambia nimwombe Mungu anisamehe uzembe wangu. Nimeomba msamaha miaka yote hii kwa kuteleza, na wala sikuteleza."

Ila Yona ni mwanawe, na mama anataka atoke. Hali vizuri, halali, ananitazama mimi tu. Ninyi mngekuwa mimi mngefanyaje? Tafadhali nishaurini, wazee wananisubiri.