Mjumbe Asiye na Sindano

Nilisikia kwanza bomba la kupigia dawa. Fyuu, kimya, fyuu. Sauti hiyo naijua tangu utotoni: mtu amebeba dawa mgongoni, anapita katikati ya mibuni, mkono mmoja unasukuma mpini na mwingine unaelekeza ncha kwenye majani. Nilikuwa bado kitandani, nyumbani kwa bibi yangu, huko Kaisho, nikajiuliza ni nani anapiga kahawa dawa kwenye mvua. Kisha nikatambua kwamba sauti ile ilikuwa na kuta. Ilikuwa inatoka ndani ya nyumba ya mtu.

Nilitoka hadi kwenye migomba ya mpakani. Watu wawili waliovaa meupe kuanzia utosini hadi nyayoni walikuwa wanapulizia godoro la jirani yetu. Jirani huyo tulikuwa tumemzika siku tisa kabla. Mume wake alikuwa amechukuliwa jana yake, anatoka damu kwenye fizi.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyemwosha yule jirani kabla hatujamzika. Aliinama akamchana na nywele.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kumalizia riwaya. Sikuandika hata ukurasa. Timu ya afya ilikuwa inatafuta mtu wa kuwafasiria Kinyambo, nami nikakubali, kwa sababu kukaa ndani na kusubiri kulinitisha kuliko kutembea. Tulizunguka Kihanga, tukazunguka Ihembe. Nilishika kipaza sauti nikasema niliyoambiwa niseme: msimguse marehemu, msipeane mikono, msimfiche mgonjwa. Nilisema vizuri. Akina mama sokoni walinisikiliza wakiwa wameshika mashavu.

Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi, shangazi alishindwa kumenya ndizi. Kisu kilimponyoka, akakaa chini jikoni, akasema kichwa kinampasuka. Bibi alimpeleka kwenye chumba cha nyuma ya pazia, akanigeukia.

"Ni malaria."

"Bibi, lazima wampime."

"Watampima, halafu? Watamweka kwenye hema, na sisi tutarudishiwa mfuko wa nailoni wenye zipu. Umewahi kuona mtu akizikwa kama mbolea? Mimi nimeona, juzi, huko chini. Sitaki."

Kwa siku tatu sikumwambia mtu. Asubuhi nilipita mbali na lile pazia, nikanawa mikono kwa klorini hadi ngozi ikapasuka, nikaenda kushika kipaza sauti. Msimfiche mgonjwa. Usiku niliisikia pumzi ya shangazi, nikaanza kupima koo langu mwenyewe, paji langu, macho yangu kwenye kioo cha simu.

Siku ya nne akaja mgeni. Alikuwa mama wa makamo, daktari aliyestaafu kutoka nchi nyingine ya Afrika, naye alikuwa ameteuliwa kuwa mjumbe maalumu wa afya duniani. Alizungumza Kiingereza polepole. Nilipanda naye gari, nikamwuliza mjumbe wa namna hiyo hufanya nini hasa.

"Sina dawa," alisema. "Sina hata plasta. Naingia kwenye vyumba ambavyo watu wa huku hawaingii, naongea mpaka wenye fedha na viwanda wanichoke. Chanjo wanazozitengeneza kwa ajili yao, nawauliza za huku ziko wapi. Ndiyo maana lazima nikae na watu kwanza. Nisipokaa nao nitasema ya kwangu."

Alitaka kukaa na familia moja jirani na nyumba iliyopatwa. Daktari kijana aliyeongoza timu akafurahi.

"Twende kwa mkalimani wetu. Bibi yake ni mwongeaji."

"Bibi amekwenda kanisani," nikasema.

"Jumanne?"

Gari likakata kona.

Bibi alitupokea mlangoni. Manyunyu yalikuwa yameanza, kwa hiyo akatuingiza sebuleni, akampa kila mtu kiti chake mbali na cha mwenzake, kama nilivyokuwa nimemfundisha. Daktari aliketi karibu na mlango. Mimi niliketi mahali ambapo ningeweza kuliona pazia. Bibi alimnyoshea mgeni mkono, mgeni akaweka wa kwake kifuani, akainamisha kichwa. Niliona uso wa bibi ukikunjamana.

Kiswahili bibi anakijua. Siku hiyo alikikataa, akashika Kinyambo.

"Mwulize kazi yake."

Nikauliza, nikajibiwa, nikafasiri. "Ameteuliwa atusemee mbele ya wakubwa wa dunia, ili dawa zisiishie kwao."

"Kusema tu?"

"Kusema tu, bibi."

"Sindano hana?"

"Hana."

"Daktari asiye na sindano si ni padri huyo."

Mgeni alipofasiriwa alicheka hadi akashika magoti. Bibi naye akalegea kidogo. Nikadhani tutapona. Kisha mgeni akauliza, kwa upole kabisa, kama kuna mtu yeyote anayeumwa humu ndani.

Bibi hakunitazama. "Mwambie tuko wawili, mimi na wewe. Na mbuzi."

Nikafasiri. Nilifasiri hata mbuzi. Mgeni akatabasamu, daktari akaandika kwenye karatasi yake. Nyuma ya pazia kitanda kililia mara moja, kikatulia. Nilijua shangazi ameng'ata shuka.

Ndipo bibi akasimama, akashusha kutoka juu ya kabati kile kikapu kidogo cha ukindu chenye kifuniko.

Kwetu mgeni haondoki bila akamwani, kahawa ya kutafuna. Ni buni mbichi, huchemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa juu ya moshi, ukapewa punje mbili tatu kiganjani. Nyumba isiyotoa kahawa hiyo ina jambo inaloficha, na kila mtu mtaani hujua. Bibi alilijua hilo, ndiyo maana alikishusha. Lakini kahawa ile alikuwa ameipika shangazi. Alikuwa ameikausha, ameipanga kwenye kikapu kwa vidole vyake, na siku zote tatu za homa alikuwa anatia mkono humo, kwa sababu alisema inampunguzia kichefuchefu.

Bibi akatoa punje tatu. Mgeni alizitazama, akamtazama daktari, ambaye alikuwa bado anaandika.

"Mkono wake nimeukataa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Na hii pia nitaikataaje?"

Akafungua kiganja.

Nilisema usichukue. Nilisema kwa lugha tatu, na sijui hadi leo ipi ilitangulia. Nilikuwa nimesimama, kiti kimeanguka nyuma yangu. Punje zilimponyoka bibi, zikatawanyika sakafuni. Hakuna aliyezifuata. Nyuma ya pazia shangazi alikohoa, kikohozi kirefu alichokuwa amekizuia tangu gari lisimame.

Daktari alitoka nje mbio, simu tayari sikioni.

"Umemwuza shangazi yako," bibi alisema, kwa Kiswahili sasa, ili hata daktari kule nje asikie. "Mwandishi wa vitabu. Kaandike hilo."

Mgeni hakukimbia. Alisogeza kiti hadi mlangoni, akaketi tena, viganja vimeelekea juu kama mtu anayeogopa kugusa nguo zake mwenyewe. Akaniomba nimwulize bibi anaogopa nini zaidi.

"Hema lisilo na dirisha," bibi akajibu. "Mtoto wangu aingie nisimwone tena, wala akifa nisione uso wake. Mwulize, atapona?"

"Sijui," mgeni alisema. "Nikikuahidi nitakuwa mwongo. Akiwahi, ana nafasi zaidi. Ndilo ninalolijua."

"Wewe si umesema kazi yako ni kusema?" Bibi alinyosha kidole nje, kwa daktari aliyesimama kwenye manyunyu. "Huyo hapo. Anza naye."

Mgeni akatoka. Niliwatazama kupitia mlangoni. Daktari alisema utaratibu hauruhusu ndugu kukaribia. Mgeni alisema utaratibu umeandikwa na watu, na watu hao anawafahamu, na angempigia mmoja wao sasa hivi. Akampigia. Aliongea kwa muda mrefu, nywele zikilowa, sauti ikipanda, na mara moja alimpa daktari simu, daktari akajibu "ndiyo" mara nyingi huku akitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimebaki na bibi ndani. Alikuwa anasali, midomo tu.

Mgeni alirudi hadi kizingitini.

"Ukuta wa hema unaoelekea uzio utawekwa nailoni inayoonyesha. Ndugu mmoja atasimama pale kila siku. Lakini ninyi wawili hamtatoka hapa kwa siku ishirini na moja, mtapimwa joto asubuhi na jioni. Hilo sikuweza kulibadilisha, na sikutaka."

"Basi nani atasimama?" bibi akauliza.

"Kuna siku nne kabla ya mkutano wangu. Siku hizo nitasimama mimi, nitawapigia ninyi simu. Baada ya hapo sijui."

Bibi alikunja vidole vinne.

"Siku nne," alisema. "Haya. Hao wakubwa walikuteua wao. Leo nakutuma mimi. Mwambie mwanangu kuku wake wa kahawia ametaga nyuma ya chungu. Mwambie asikatae uji, hata ukiwa wa chumvi. Akiniulizia, mwambie sikulia."

Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni. Mgeni aliandika kila neno kwenye daftari lake, akanisomea, nikamfasiria bibi, bibi akasahihisha: kuku alikuwa nyuma ya chungu kikubwa, siyo kidogo.

Wenye mavazi meupe walifika. Shangazi aliwakataza kumshika. Alitoka nyuma ya pazia kwa miguu yake, kitenge kimefungwa kifuani, barakoa usoni, macho mekundu mno. Alipitia ukutani kabisa, mbali na bibi, mbali nami. Nilitaka kusema nisamehe, akanitangulia.

"Na wewe," aliniambia bila kusimama, "ungenitonya mapema. Ningevaa kile cha bluu."

Bibi alipiga hatua moja kumfuata. Nilimzuia kwa neno tu, kwa kuwa hatukuruhusiwa kushikana, naye akasimama, mikono imemning'inia, hana pa kuiweka.

Mgeni alifuata nyuma yao, daftari limebanwa kwapani lisilowe. Nyuma yake mtu wa bomba alikuwa tayari anapulizia nyayo za shangazi, hatua kwa hatua, kutoka pazia hadi kizingiti. Fyuu, kimya, fyuu. Mtu huyo alipofika nje, bibi aliinua kiwiko, akausukuma mlango ukafungika.